Anayetishiwa kusambaziwa picha za faragha afanye nini kabla ya kutuma hela

Meseji huwa inakuja hivi, au karibu na hivi: "Picha zako ninazo zote. Tuma laki mbili kabla ya saa 12 jioni, la sivyo nazirusha kwenye grupu la familia yenu." Chini yake kuna picha moja ya kuthibitisha, na skrinishoti ya orodha ya marafiki wa Facebook: mama mdogo, mchungaji, bosi wa kazini.

Aliyeipokea hana muda wa kufikiri, na ndivyo ilivyopangwa. Saa iliyowekwa, majina ya ndugu, simu za WhatsApp zinazopigwa mfululizo, vyote vina kazi moja: mtu atume hela kabla hajamwambia yeyote.

Wengi hutuma. Hapo shida inaanza upya, kwa sababu nakala ya picha inabaki kwenye simu ya yule mtu hata akilipwa. Aliyelipa amepata saa chache za utulivu, na amemjulisha anayemtisha mambo mawili: kwamba anaogopa, na kwamba hela anayo. Laki mbili ya leo inakuwa laki tano keshokutwa.

Kesi moja ya Marekani inaonyesha jambo hili kwa uchungu. Machi 2022, kijana wa miaka 17 wa jimbo la Michigan alinaswa na akaunti ya Instagram iliyojifanya ya msichana. Alituma dola 300. Walioko upande wa pili wakataka zaidi, na kijana akajiua ndani ya saa chache. Upelelezi uliishia Lagos, Nigeria. Ndugu wawili walisafirishwa kwenda Marekani Agosti 2023, na Septemba 2024 kila mmoja akahukumiwa miaka 17 na nusu jela. Waliamini kwamba umbali unawaficha.

Anayetisha ni nani?

Nchini Tanzania, swali hili ni la kwanza kujibiwa kwa sababu linabadilisha mengi yanayofuata.

Kuna mgeni wa mtandaoni, yule aliyeanza kwa "mambo mrembo" na ndani ya siku tatu akaomba simu ya video. Huyu ana watu wengi anaowatisha kwa wakati mmoja na anachotaka ni hela. Akishazirusha picha, silaha yake imekwisha, ndiyo maana mara nyingi huvuta muda na kupunguza bei. Asiyejibiwa kabisa anaweza kumpoteza, ingawa hakuna wa kutoa ahadi hapo.

Mpenzi wa zamani ni habari nyingine. Mara nyingi hataki hela. Anataka kurudiwa, anataka ngono, au anataka tu kuumiza, na huyo anaweza kusambaza kweli. Uzuri ni kwamba anajulikana jina, anajulikana anakoishi, na polisi hawana haja ya kumtafuta kwa tochi.

Wapo pia wanaopata picha kwenye simu iliyoibwa au iliyopelekwa kwa fundi ikiwa haina nywila. Hapo mtu anajikuta anatishwa kwa picha ambazo hakuwahi kumtumia yeyote.

Ushahidi kwanza, kumbloku baadaye

Mkono wa mtu aliyetishwa unakimbilia kufuta mazungumzo, kuvunja laini, kufunga akaunti. Inaeleweka, lakini kwa kufanya hivyo anafuta kesi yake mwenyewe.

Kinachotakiwa ni skrinishoti zinazoonyesha namba ya simu, tarehe na saa, pamoja na kiungo cha wasifu wa yule mtu. Jina pekee halitoshi, maana jina la akaunti linabadilishwa kwa sekunde. Meseji za sauti zihifadhiwe. Kama hela ilishatumwa, ile meseji ya muamala yenye namba ya kumbukumbu ni dhahabu: inaonyesha namba iliyopokea na jina lililosajiliwa. Kwenye Snapchat, au pale WhatsApp imewekwa meseji zinazojifuta, ni salama zaidi kupiga picha kioo kwa simu ya mtu mwingine.

Simu yenyewe isiuzwe wala kusafishwa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki mahakamani, lakini mahakama inaangalia ulivyotengenezwa na ulivyotunzwa, kama unaaminika. Skrinishoti iliyobaki peke yake, simu ikiwa imeshauzwa, inapingwa kirahisi na wakili wa upande wa pili.

Baada ya hapo ndipo kunyamaza kunapofaa. Asijibu, asibembeleze, asimtukane. Aripoti akaunti hiyo ndani ya programu, aimbloku, na afiche orodha ya marafiki zake.

Sheria inasemaje

Kutisha peke yake ni kosa, hata kama hakuna picha iliyorushwa. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kumtumia mtu mawasiliano ya kielektroniki kwa nia ya kumlazimisha, kumtisha, kumsumbua au kumsababishia maumivu ya kihisia. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kudai mali kwa vitisho ni kosa pia chini ya Kanuni ya Adhabu, sheria ya zamani kuliko simu yoyote.

Picha za ngono zikisambazwa, kinaingia kifungu cha 14: faini isiyopungua milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka 7. Kama aliyepigwa picha ni mtoto, yaani chini ya miaka 18, kifungu cha 13 kinapandisha faini hadi kuanzia milioni 50.

Hapo watu wanasita. Vipi kama polisi watamgeuzia kibao aliyejipiga picha? Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Kifungu cha 14 kinamlenga anayechapisha au kusababisha picha zichapishwe kupitia mfumo wa kompyuta. Anayelalamika ametishwa, na malalamiko yake yanapaswa kuanza hivyo: "Ninatishwa na kudaiwa fedha." Picha zenyewe zioneshwe kwenye simu inapolazimu. Kuzituma kwa shoga ili "aone mwenyewe", au kwa askari kupitia WhatsApp yake binafsi, ni kuongeza nakala mtaani.

Mwenye wasiwasi zaidi aanze kwa mwanasheria, kisha waende kituoni pamoja. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa msaada wa bure kwa wasio na uwezo wa kulipa wakili, na wapo wasaidizi wa kisheria hadi wilayani. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC), Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake (WLAC) na Chama cha Wanasheria Wanawake (TAWLA) ni miongoni mwa milango inayojulikana.

Kituoni, mlalamikaji anaweza kuomba Dawati la Jinsia na Watoto ili asisimulie habari zake kaunta mbele ya foleni. Asiondoke bila namba ya RB. RB haiuzwi. Kwa watoto ipo namba 116 ya bure.

Namba ya tapeli inaweza pia kutumwa kwenda 15040, huduma ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ya kuripoti namba za utapeli. Hiyo haichukui nafasi ya polisi. Na ikumbukwe kuwa jina lililotokea kwenye muamala si lazima liwe la mhalifu. Laini zinasajiliwa kwa alama za vidole, lakini wapo waliosajiliwa laini wasizozijua na mawakala wa barabarani. Kila mtu anaweza kupiga *106# kuona laini zilizo kwenye kitambulisho chake.

Picha zinaweza kuzuiwa?

Kwa sehemu, ndiyo. StopNCII.org ni huduma ya bure kwa wenye miaka 18 na zaidi. Inatengeneza alama ya kidijitali ya picha, kama alama ya kidole, ndani ya simu ya mwenyewe. Picha haitoki kwenye simu. Inayotumwa ni ile alama, na kampuni zilizojiunga, zikiwemo Facebook, Instagram na TikTok, zinaitumia kuitambua na kuiondoa picha ikipakiwa. Kwa picha zilizopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18 ipo Take It Down, inayofanya kazi kwa mtindo huohuo.

Kikomo chake ni magrupu ya WhatsApp. Mazungumzo ya humo yamefungwa kwa usimbaji, na alama hiyo haifiki.

Wa kuogopwa ni wale wanaojitokeza kwenye komenti wakidai ni "mahaka" wanaoweza kuingia kwenye simu ya mtishaji na kufuta kila kitu kwa elfu 50. Hao ni matapeli wa pili, wanaovizia aliyeumizwa na wa kwanza.

Jambo moja linalovunja nguvu za anayetisha halihitaji intaneti: kumwambia ndugu mmoja anayeaminika kabla yeye hajafanya hivyo. Ni mazungumzo magumu, hasa kwa mzazi. Lakini dada aliyekwisha kuambiwa hatishiki tena na "nitamtumia dada yako", na anaweza kukaa na mdogo wake usiku ule ambao ni mbaya kuliko yote.

Naye anayeletewa picha ya mtu kwenye simu yake asiisambaze, hata kwa nia ya "kuuliza kama ni yeye", maana kifungu cha 14 hakiulizi nani alikuwa wa kwanza kurusha. Anakili namba iliyotuma na saa, amjulishe mwenye picha kwa faragha, kisha aifute.