Kamera Kuukuu Yenye Kilango Kizito

Watu wengi huidharau kamera iliyokwisha tumiwa na mtu mwingine. Lakini Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alianza kupiga picha angali mvulana kwa kamera kuukuu ya Box Brownie. Na mwaka 1984 picha za sinema alizopiga za njaa ya Ethiopia ziliiamsha dunia nzima. Ukuukuu wenyewe, basi, si ubaya. Ubaya ni kuitumia kamera ya namna hiyo bila ya kuijaribu kwanza.

Tuseme mtu wa Shirere, Kakamega, amenunua Yashica ya zamani, ile yenye macho mawili, akaalikwa kupiga picha katika arusi ya jirani. Filamu yake ina picha 12 tu. Ikisafishwa, yaonekana nyeusi mno, na picha zake ni nyeupe hata uso wa bibi arusi hautambulikani. Arusi haiwezi kurudiwa. Watu watasema kuwa mpiga picha hajui kazi, kumbe kosa ni la kilango cha kamera.

Kilango hicho, ambacho wapiga picha hukiita shata, ni vibati vyembamba vilivyomo ndani ya lenzi. Kidole kibonyezapo, vibati hufunguka, huingiza mwanga, kisha hufunga tena. Muda huo waweza kuwa sekunde nzima, au sehemu moja katika sehemu 500 za sekunde. Springi ndizo zinazovisukuma, na magurudumu madogo yenye meno, kama ya saa, ndiyo yanayopima nyakati zilizo ndefu. Kamera ikikaa miaka mingi bila kutumiwa, mafuta yake huganda na kunata mithili ya ulimbo. Ndipo vibati huchelewa kufunga, na mwanga ukaingia kupita kiasi.

Njia ya kuijaribu ni rahisi, wala haihitaji filamu. Fungua mlango wa nyuma, elekeza lenzi kwenye ukuta mweupe, weka kilango katika sekunde moja, kaza springi, kisha bonyeza huku ukitazama saa. Sauti ya magurudumu yapasa kwenda sawasawa bila kusita. Rudia kwa nyakati zote zilizoandikwa. Vibati vikibaki wazi, au vikifunga polepole hata jicho likaweza kuvifuata, kilango ni kizito.

Hapo pana makosa mawili ya kuepukwa. La kwanza ni kulazimisha kwa nguvu. Meno ya magurudumu huvunjika upesi. La pili ni kutia mafuta, hata yale ya cherehani. Hayo huenea juu ya vibati na kukusanya vumbi. Vibati havitaki mafuta kabisa. Dawa yake ni kuondoa lenzi ya mbele, kuvipangusa kwa pamba iliyolowa kidogo petroli safi ya viberiti vya chuma, na kubonyeza mara nyingi mpaka petroli ikauke. Rudia hata pamba itoke safi. Kazi hii ifanywe madirisha yakiwa wazi, mbali na jiko na taa ya moto, maana mvuke wa petroli huwaka. Ikiwa sekunde moja bado inachelewa, magurudumu hayana budi kutolewa na kuoshwa. Hiyo ni kazi ya fundi wa kamera, au fundi wa saa aliyezoea skrubu ndogo.

Kamera ikiisha pona, isifungiwe katika mfuko wake wa ngozi. Kakamega ni nchi ya mvua nyingi. Ngozi huweka unyevu, na ukungu huota juu ya lenzi. Iwekwe mahali pakavu, na kilango kibonyezwe kila mwezi.

Mwisho, kabla ya siku kubwa, piga filamu moja ya majaribio na kuisafisha. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na sura ya mzee ambaye mwaka ujao huenda asiwepo.