Njoo na Sampuli

Mteja anayefika Kariakoo kutafuta spea ya kompyuta iliyoharibika haulizwi kwanza ana shilingi ngapi. Huulizwa, "Una sampuli?" Akisema hana, ataambiwa kwa upole arudi nyumbani akaifungue mashine yake, au ailete nzima. Akitoa kwenye bahasha ya kaki kipande cha RAM chenye vumbi la miaka kumi, atavutiwa kiti.

Swali hilo lina umri mkubwa kuliko kompyuta mjini Dar es Salaam. Mshonaji humtuma mtoto dukani na kipande cha kitambaa ili uzi usipishane rangi. Fundi bomba huja na nati iliyokatika, na mama wa nyumbani huleta mpira wa presha kuka uliopasuka. Sokoni, kitu kilichokufa ndicho shahidi wa kwanza wa kitu kinachotafutwa, na kompyuta ilipoingia ilikuta desturi imeshakomaa, ikaifuata.

Tena kwa kompyuta desturi hiyo ina faida kubwa zaidi, kwa sababu vifaa vyake hufanana kwa macho na kukataana kwa umbo. RAM ya DDR2 na ile ya DDR3 zote zina miguu 240 na urefu uleule. Lakini pengo dogo lililokatwa kwenye ukingo wake halikai mahali pamoja, na umeme zinaotumia si sawa: moja hutaka volti 1.8, nyingine 1.5. Mtu anayesema tu "nataka RAM ya giga mbili" hajasema kitu. Mwenye sampuli hahitaji kusema lolote, fundi husoma pengo hilo kwa ukucha wa kidole gumba.

Wazee wanaokumbuka miaka ya sabini wana sababu ya kustaajabia wingi wa mashine uliopo sasa. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya mitambo ya awali ya Wizara ya Fedha kuleta hasara na usumbufu. Kwa miaka mingi kompyuta ilibaki kitu cha ofisi chache zenye kibali maalumu. Katika miaka hiyohiyo ya uhaba, redio, baiskeli na majiko yalifanyiwa ukarabati mpaka yakaisha kabisa, na mikono iliyojifunza kutotupa kitu ikawarithisha vijana tabia hiyo. Fundi wa leo anayeng'oa feni kwenye mashine iliyoungua na kuiweka kwenye boksi chini ya meza anaendeleza malezi hayo, hata kama alizaliwa baada ya marufuku kusahaulika.

Mashine nyingi za mezani zinazouzwa kama mtumba zilianza maisha yake maofisini, Ulaya, Marekani au nchi za Ghuba, na sehemu kubwa hupitia Dubai. Ndiyo maana majina yanayosikika vibarazani ni yaleyale: Dell OptiPlex, HP Compaq, baadaye HP EliteDesk. Ofisi zilinunua mashine za aina moja kwa mamia, zikaziondoa kwa mamia. Hii ndiyo siri ya kwanza ya unafuu. Mwenye OptiPlex ya mwaka 2011 anatafuta spea ya mashine iliyotengenezwa kwa wingi mno, na iliyokufa madabodi inabaki na pawa saplai nzima, diski nzima, feni nzima. Mwenye kompyuta ya chapa adimu, hata ikiwa mpya zaidi, huzunguka siku nzima.

Kuzunguka kwenyewe kuna adabu yake. Hakuna anayeingia dukani na kutaja kifaa kabla ya salamu. Fundi mwenye mvi hupewa "shikamoo" hata na mteja mwenye cheo kikubwa, naye hujibu "marahaba, karibu, ina nini?" kama daktari anayepokea mgonjwa. Kijana huitwa kaka au fundi, mwanamke mwenye duka huitwa dada au mama. Mteja hueleza ugonjwa: inagoma kuwaka, inawaka na kuzima, inalia milio mitatu halafu kimya. Bei huja mwishoni kabisa. Ikitajwa, mteja husema, "Niambie ya mwisho," naye muuzaji, "Hiyo ndiyo ya mwisho, kaka, ila wewe una ngapi?" Mteja wa asubuhi, yule anayetarajiwa kufungua mauzo ya siku, husikilizwa zaidi. Wanaojua hivyo hudamka.

Kati ya mteja na duka husimama winga. Huyu hana duka wala mzigo, mtaji wake ni miguu na kumbukumbu. Humdaka mteja njiani, humsikiliza, humpeleka kwenye mlango ambao asingeufikia peke yake, ghorofa ya pili nyuma ya duka la mapazia, kisha huongeza cha juu kwenye bei ya mwenye mali. Wapo wanaomlaani. Lakini mgeni aliyetoka Morogoro na basi la alfajiri, anayetakiwa kurudi jioni hiyohiyo, hununua muda kutoka kwa winga, na muda una bei. Kosa ni pale winga anapoficha kwamba cha juu kipo. Mwenye heshima husema waziwazi, "Nami nitoe na yangu."

Nguzo kubwa zaidi, hata hivyo, mteja haioni. Anauliza pawa saplai, kijana wa dukani anajibu "ipo, subiri kidogo," anatoka mbio na kurudi nayo baada ya dakika tano. Haikuwepo dukani kwake. Ameichukua kwa jirani kwa mali kauli, yaani amepewa bidhaa kwa neno tu, bila fedha, bila karatasi. Akiuza, atapeleka fedha ya mwenyewe na kubaki na kilichozidi. Asipouza, atairudisha kabla jua halijazama. Kwa njia hiyo kibanda chenye upana wa mlango mmoja huuza akiba ya mtaa mzima, na fundi asiye na mtaji hupata kifaa cha kumalizia kazi ya mteja ambaye naye hajalipa.

Mali kauli ndiyo inayofanya spea za mtumba ziwe nafuu, kuliko hata hali yake ya kuwa mtumba. Hakuna riba na hakuna ghala la kulipia. Kuna kitu kimoja tu cha kulinda, nacho ni jina. Aliyechukua diski ya watu na kuzima simu hatashitakiwa popote, lakini kesho yake hatapewa hata skrubu. Habari zake zitakuwa zimepita kila kibaraza kabla ya adhuhuri. Majirani haohao huangaliziana duka mwenzao anapokwenda msikitini Ijumaa, na humchangia akifiwa, kwa hiyo anayepoteza jina hupoteza vyote kwa pamoja.

Kifaa kikishaletwa, hupimwa palepale mbele ya macho. Pawa saplai haihitaji hata kompyuta: fundi huunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya, na feni ikizunguka, kuna uhai. Kisha hupima volti, 12, 5 na 3.3, kwa sababu feni inaweza kuzunguka huku umeme ukiwa haufai. Ataangalia pia kiswichi chekundu cha nyuma. Baadhi ya mashine zilizotoka Marekani hufika zikiwa zimewekwa kwenye volti 115, na mwenye nazo akizichomeka kwenye umeme wetu wa 230 huungua kwa mshindo mara moja. Fundi mzuri humwonyesha mteja kiswichi hicho na kumfundisha. Fundi mbaya, yule ambaye mtaani huitwa fundi maiko, humuuzia nyingine na kunyamaza.

Hapa tena sampuli huokoa fedha. Dell OptiPlex 9020 haitumii kichwa cha umeme cha matundu 24 kinachotumika kwenye mashine nyingi, ina chake cha matundu 8. Aliyenunua pawa saplai ya kawaida kwa kukisia ataitazama tu, mpaka atafute kebo ya kubadilishia. Mtego mwingine ni RAM za seva. Huuzwa kwa bei ya chini, zina ukubwa uleule na pengo lilelile, lakini zilizo nyingi hazikubali kabisa kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani. Muuzaji anayejiheshimu husema mapema, "Hii ni ya seva, haitakusaidia," akiwa anajua amejinyima mauzo.

Na mara nyingine hakuna cha kununua. RAM husuguliwa miguu yake ya rangi ya dhahabu kwa ufutio wa shule, hurudishwa, na mashine huwaka. Vumbi la bara na unyevu wenye chumvi wa pwani hufanya kazi hiyo kuwa ya kila siku. Kapasita zilizovimba vichwa kwenye madabodi hung'olewa na kulehemiwa nyingine; kuvimba huko ni ugonjwa uliosumbua sana mashine za mwanzoni mwa miaka ya 2000, OptiPlex GX270 ikiwa mfano maarufu. Betri ndogo ya volti 3 ikibadilishwa, saa huacha kurudi nyuma. Fundi anayemwambia mteja "hukuhitaji kununua" hulipwa ufundi wake tu, na huyo ndiye ambaye mteja atampelekea ndugu na majirani.

Diski zina mila ya peke yake. Ipo programu inayosoma saa ambazo diski imefanya kazi, na mteja ana haki ya kuonyeshwa namba hiyo kwenye skrini. Mwaka mmoja una saa 8,760, hivyo diski yenye saa 30,000 imekesha zaidi ya miaka mitatu mfululizo. Diski iliyotolewa hukabidhiwa mwenyewe hata ikiwa imekufa, kwa sababu ndani yake kuna picha za arusi, barua na hesabu za watu. Wapo mafundi wanaokiuka hili, na wapo wanaobadilisha kifaa kizima kwa kibovu mashine ikilazwa usiku. Dawa iliyokubalika ni kuifungua mashine pamoja, kuhesabu RAM pamoja na kuandika, kabla mteja hajaondoka. Fundi mwaminifu halioni hilo kuwa tusi. Wengine huanza wao.

Waranti huandikwa kwa kalamu ya wino mzito juu ya kifaa chenyewe: tarehe, na sahihi fupi ya duka. Mteja wa mkoani hutumiwa mzigo kwa basi. Hupiga picha ya lebo ya kifaa chake, hutuma fedha kwa simu, na jioni huambiwa jina la basi na namba ya mpokeaji mizigo. Mtu wa Songea na muuzaji wake wa Kariakoo wanaweza kufanya biashara miaka mitano bila kuonana uso kwa uso.

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, na kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazikidhi masharti ya Windows 11. Ofisi za mbali zitazidi kuzitoa, na nyingi zitafika huku, ambako bado zinaweza kuandika barua, kufundishia watoto na kutunza hesabu za duka. Zitahitaji spea, na spea zitatoka kwenye zile zilizokufa. Basi mwenye kompyuta mbovu stoo asiichome wala kuitupa jalalani pamoja na risasi inayoweza kuwemo kwenye malehemu yake. Ampelekee fundi. Na anayekwenda kutafuta, aifungue mashine yake leo, afute vumbi, anakili namba za kwenye lebo, na kesho abebe kile kipande mkononi.