Kuchagua Klabu ya Michezo kwa Watu wa Nyumbani

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: klabu, kiingilio, ada, stakabadhi. Haya, someni pamoja, polepole. Klabu. Kiingilio. Ada. Stakabadhi. Vizuri. Yaacheni hapo ubaoni, maana tutayarudia.

Leo tunazungumza habari ya kuchagua klabu ya michezo, au jimu, kwa ajili ya watu wa nyumbani. Sisemi kilabu cha pombe. Naeleza hivyo kwa sababu mzee mmoja wa darasa langu alimwambia mkewe kuwa anakwenda kilabuni kwa ajili ya moyo wake, na siku ile nyumbani hapakukalika.

Labda yuko anayesema, "Mimi nabeba magunia kutwa. Mazoezi ya nini?" Anayo haki. Shirika la Afya Duniani lilitoa mashauri yake mwaka 2020, na humo kazi ya mikono na kutembea kwa miguu vimehesabiwa pia. Mtu mzima ametakiwa autumie mwili wake dakika 150 kwa juma, au zaidi, kwa mwendo wa kumharakisha pumzi. Hebu piga hesabu: dakika 30, mara 5, ni 150. Mbeba magunia amekwisha zipata kabla ya Jumanne. Lakini fundi cherehani je? Dereva? Mama mwenye duka, anayeketi tangu asubuhi hata usiku? Na watoto wa miaka 5 mpaka 17 wametakiwa wapate wastani wa dakika 60 kila siku, nao mjini viwanja walivyochezea baba zao vimejengwa nyumba. Watu hao ndio wanaohitaji mahali.

Mahali pako pa namna nyingi. Mtu akisikia klabu, mara huwaza Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, au Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936. Hizo wengi wetu twazishangilia tu. Leo tunatafuta klabu ambayo wewe mwenyewe utatoka jasho. Hapa Dar es Salaam, ukiamka alfajiri ya Jumamosi au Jumapili, utawasikia watu wa klabu za joging wakipita mitaani, wanakimbia na kuimba, wamevaa fulana za rangi moja, vijana na akina mama na wazee. Klabu hizo hazina jengo wala mashine, na kwa wengi zatosha kabisa. Ziko jimu, ambamo watu hunyanyua vyuma na kukimbia juu ya mashine. Tena ziko klabu za mpira wa miguu, mpira wa pete, ngumi na kuogelea, zinazopokea watoto.

Kabla ya kwenda kuuliza bei, ulizaneni nyumbani. Baba akilipia vyuma kwa fedha ya jamaa yote, na binti anayependa mpira wa pete akabaki kutazama, hiyo si klabu ya nyumba ile, ni ya baba. Ulizaneni na saa. Mama anayepika jioni hawezi kwenda jioni, hata akilipiwa mwaka mzima. Na aliye na shinikizo la damu au kisukari, au amekaa miaka mingi bila mazoezi, amwone mganga wa zahanati kwanza.

Sasa sikilizeni jambo kubwa la leo. Nenda ukaone kwa macho yako, na uende saa ile ile ambayo mwanao atakuwapo. Wengi hupelekwa kuangalia mchana, wakati pamefagiliwa na pana utulivu. Saa kumi na mbili jioni mambo ni mengine. Simama pembeni utazame. Mwalimu mmoja ana watoto wangapi? Mtoto akianguka, nani anamwendea? Njia ya kurudi nyumbani ina taa? Binti yako ana mahali pake pa kubadilishia nguo, penye mlango unaofungwa? Kisha uliza kama mzazi anaruhusiwa kuketi na kutazama. Wakikuambia wazazi hawatakiwi, chukua mtoto wako mwende zenu. Mwalimu mwema hana sababu ya kujifungia na mtoto peke yake.

Mahali penye bwawa la kuogelea, macho yako yawe makali zaidi, na hapo ndipo kusoma kwako kutafanya kazi. Kando ya bwawa hupakwa namba za kuonyesha kina cha maji. Zitafute. Mtoto wa miaka 8 ana kimo cha mita 1 na robo hivi. Ukiona imeandikwa mita 1, atasimama na kichwa kitakuwa nje. Ukiona mita 2, hata wewe baba hutasimama. Kama namba hazipo, au zimefutika, uliza sababu. Tena mtafute mlinzi wa waogeleaji: yuko wapi, na anatazama maji au anatazama simu yake? Mtu anayezama mara nyingi hapigi kelele. Huzama kimya, karibu na watu wanaocheka.

Mashine sitazieleza sana. Mpya au kuukuu, kinachofaa ni kwamba yuko mtu wa kukuonyesha namna ya kuzitumia.

Turudi ubaoni. Kiingilio ni fedha unayolipa mara moja, siku ya kujiunga. Ada ni ile ya kila mwezi au kila mwaka. Stakabadhi ni karatasi ya kuonyesha kuwa umelipa. Uliza kiingilio na ada mbali mbali, maana wako wanaokutajia ada ndogo, kisha siku ya pili unasikia kiingilio.

Nitawaambia yaliyonipata. Nilijiunga na jimu moja, nikaambiwa nikilipa ada ya mwaka nitapunguziwa. Nikapewa karatasi, nikatia sahihi, nikalipa. Mwezi wa tatu jimu ikahamia upande wa pili wa mji, mabasi mawili kutoka kwangu. Nikaenda kudai fedha yangu. Yule kijana wa mezani hakugombana nami. Alichukua ile karatasi akaniwekea kidole chini kabisa, palipoandikwa: ada iliyolipwa hairudishwi. Mimi, ambaye kazi yangu ni kufundisha watu kusoma, sikuisoma. Nilikuwa na haraka, tena niliona haya kumchelewesha kijana.

Kwa hiyo usione haya wewe. Mwambie, "Naomba niende nayo nyumbani, nitairudisha kesho." Akikataa kukupa, usitie sahihi wala dole gumba. Lipa mwezi mmoja kwanza. Ukilipa kwa simu, jina la anayepokea hutokea kabla hujathibitisha malipo. Lisome. Likiwa ni jina la mtu, wala si la klabu, uliza kwanza. Na ule ujumbe wa malipo usiufute.

Hapa Tanzania klabu za michezo huandikishwa kwa Msajili, kwa sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967. Basi waweza kuomba kwa adabu kuonyeshwa cheti cha usajili, na katiba pia. Katika katiba utasoma nani anatunza fedha, na wanachama wanakutana lini kumwuliza hesabu.

Sasa hesabu ya mwisho, iandikeni. Klabu ya kwanza inatoza shilingi 30,000 kwa mwezi, lakini iko mbali, nawe utafika mara 4 tu. Klabu ya pili inatoza shilingi 45,000, iko karibu, utafika mara 12. Gawanyeni. Ya kwanza, kila siku moja ya mazoezi ni shilingi 7,500. Ya pili ni shilingi 3,750. Ipi rahisi? Na bado hatujatia nauli.

Kazi ya nyumbani: kila mmoja aende kutazama klabu moja ya mtaani kwake, kisha aandike mistari mitano. Jina lake, kiingilio chake, ada yake, saa aliyokwenda, na jambo moja aliloliona ambalo hakuambiwa. Mistari hiyo mtasomeana darasani kabla ya kipindi kijacho. Kwaherini.