Injini ya Basi Ibadilishwe Lini?

Kila shirika la usafiri hukabiliwa na swali gumu: injini iliyochakaa ibadilishwe lini? Ikibadilishwa mapema mno, fedha nyingi hutumika kabla ya wakati wake. Ikicheleweshwa, gharama za matengenezo hupanda, na hatimaye basi huzimika njiani, abiria wakabaki juani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini hawakutuambia ufa uzibwe siku gani. Katika makala hii tutaeleza jinsi wachumi wanavyolitafutia jibu swali la namna hiyo.

Njia wanayoitumia huitwa programu dinamiki. Ilibuniwa na mwanahisabati wa Kimarekani, Richard Bellman, katika miaka ya 1950, naye akaieleza katika kitabu chake cha mwaka 1957. Msingi wake ni kwamba uamuzi wa leo hauwezi kupimwa peke yake, kwa kuwa huacha hali itakayotawala maamuzi ya kesho. Kwa hiyo mtaalamu huanza hesabu mwisho wa safari, kisha hurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka afike leo.

Tuchukue mfano wa basi lililobakiwa na miaka miwili ya kazi. Bei ya injini mpya ni shilingi milioni 10. Matengenezo ya injini ni milioni 2 katika mwaka wake wa kwanza, 5 wa pili, 9 wa tatu na 14 wa nne. Injini iliyomo sasa inaingia mwaka wa tatu. Mtu atazamaye mwaka huu tu ataona kuwa kuiacha ni milioni 9, na kuibadilisha ni milioni 12. Bila shaka ataiacha.

Sasa tuanzie mwisho. Injini hii ikiachwa, mwaka ujao kuitunza kutagharimu milioni 14, na kuibadilisha 12. Lililo nafuu ni 12. Lakini injini mpya ikiwekwa leo, mwaka ujao itahitaji 5 tu. Turudi leo: kuiacha ni 9 na 12, jumla milioni 21, kuibadilisha ni 12 na 5, jumla milioni 17. Kumbe uamuzi ulioonekana wa nafuu ungalipoteza milioni 4.

Kama maamuzi yangekuwa ya kila mwezi kwa miezi 120, njia zote za kufuata zingefikia idadi yenye tarakimu 37. Hakuna awezaye kuzipitia moja moja. Lakini tukizigawa hali za injini katika mafungu 90 kwa kadiri ya maili ilizokwenda, kurudi nyuma hutaka milinganisho 10,800 tu.

Mwaka 1987 mchumi John Rust aliigeuza njia hii kuwa chombo cha utafiti. Alichukua kumbukumbu za mabasi 162 ya mji wa Madison, Marekani, za tangu Desemba 1974 hadi Mei 1985. Hakumwelekeza msimamizi wa karakana la kufanya. Bali alitazama lini injini zilibadilishwa, kisha akakadiria ni gharama zipi zingemfanya mtu mwenye kuona mbali aamue vivyo hivyo. Humo zimo hata hasara zisizoandikwa vitabuni, kama kupotea kwa imani ya abiria. Kwa makadirio hayo aliweza kupima jinsi ununuzi wa injini ungebadilika bei yake ikibadilika.

Hata hivyo, njia hii ina mpaka wake. Tukiongeza kipimo cha pili chenye mafungu 90, hali huwa 8,100. Cha tatu, 729,000. Bellman mwenyewe aliiita hali hiyo laana ya wingi wa vipimo, na kompyuta za leo hazijaiondoa. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya mtafiti ni kuchagua mambo machache yenye uzito, na kazi ya kwanza ya karakana ni kutunza daftari lake vizuri: pasipo kumbukumbu za kweli, hesabu hizi hazina pa kuanzia.