Kijana Anapoomba Saksofoni Nzuri Zaidi

Pengine nyumbani mwako kuna kijana anayepiga saksofoni ya tenori katika fanfari ya kanisa. Amekwisha miaka miwili au mitatu na chombo cha kuazima. Anajua gamu zake, anasoma noti, na sasa anakuambia: "Papa, hii sakso inanirudisha nyuma." Usimkemee haraka. Mwenye kuanza hasikii bado kama chombo kinavuja pumzi, lakini aliyefika katikati anasikia. Anakaza midomo ili sauti itoke, anazoea kukaza vile, na mazoea hayo yatamfuata hata siku atakapopata chombo kizima.

Kuna wazazi ambao wakisikia neno saksofoni wanafikiri baa. Ni kweli Verckys Kiamuangana aliivumisha katika OK Jazz, na tena katika Vévé aliyoianzisha mwaka 1969. Lakini Adolphe Sax, Mbelgiji wa Dinant aliyeandikisha chombo chake Paris mwaka 1846, alifikiri pia juu ya bendi za askari. Kwa hiyo fanfari si mahali pageni kwake.

Kabla ya kutoa franga, fanya jambo moja la bei ndogo. Omba kwa rafiki beki nyingine, yaani ule mdomo unaotiwa kinywani, na anshi mpya, kile kijiti cha mwanzi. Mara nyingine ugonjwa wote uko pale. Beki ya Yamaha 4C inatosha kwa kuanza. Baadaye wengi wanakwenda kwa Selmer S80 C* au moja ya Vandoren. Kama kijana akibadilisha beki na noti za chini zinaanza kutoka vizuri, mshukuru Mungu na urudishe pesa sandukuni.

Kama haikusaidia, basi tuingie sokoni. Hapo utakutana na saksofoni inayong'aa kama dhahabu, bila jina la kiwanda unachokijua, kwa dola mia chache tu. "Iko mupya, papa, angalia namna inang'aa! Hii ni ya wale wa katikati." Sikiliza vizuri: "ya katikati" ni neno la muuzaji, kila mtu anaweza kuliandika kwenye karatasi. Na nakshi za maua kwenye mdomo mpana haziongezi noti hata moja.

Shida ya chombo cha namna ile si sauti ya siku ya kwanza. Shida ni mwezi wa sita. Kle zake mara nyingi ni za chuma laini, zinapinda, na hakuna anayejua wapi pa kupata skrubu au resori yake. Katika miji yetu ya mine hilo ni jambo kubwa. Fundi wa kuchomelea radiatere ni hodari kwa kazi yake, lakini moto wake ni mkali sana kwa saksofoni: utaunguza tampo na kulegeza nguzo zilizo karibu. Usimpe.

Kwa Yamaha ngazi zinajulikana: YTS-280 kwa wenye kuanza, YTS-480 kwa wa katikati, YTS-62 kwa wenye kazi yao. Zile za zamani pia zinauzwa bado, kama YTS-23 ya wanafunzi na YTS-475 ya katikati. YTS-480 mpya hupita dola 2,000, na familia nyingi haziwezi. Kwangu mimi, YTS-23 ya zamani iliyotunzwa ni bora kuliko ile "ya katikati" isiyo na jina. Vernisi iliyotoka si ubaya wowote. Kinyume chake, chombo cha zamani kilichosuguliwa na kupakwa vernisi upya kinaweza kuwa kimepunguzwa unene wa shaba.

Sasa namna ya kukipima. Kwanza shingo, ile iliyopindwa kama ya bata. Pitisha kidole chini ya pindo lake. Ukisikia mikunjo, ilivutwa chini na mtu mwenye nguvu nyingi. Iingize mahali pake: ikiwa inachezacheza, pumzi inapita pale. Halafu ngoja usiku, au funga madirisha. Ingiza taa ndogo ndani ya mwili wa chombo na ufunge kle kwa upole, bila kubana. Mwanga ukionekana pembeni mwa tampo, pale panavuja. Tampo mbili tatu si kitu. Zikiwa zote, hesabu kwanza gharama ya kuzibadilisha, ndipo utaje bei yako.

Mwishoni apige kijana mwenyewe, na beki yake aliyoizoea. Usikubali muuzaji apige kwa niaba yake, maana mpigaji hodari anafunika makosa ya chombo. Ashuke polepole mpaka si bemoli ya chini kabisa, kwa sauti ndogo. Ikitoka tu kwa kupuliza kwa nguvu, kuna mvujo. Apige re ya kati na re ya juu yake pamoja na kinanda, akikumbuka kwamba tenori iko katika si bemoli: do ya kinanda kwake ni re, na wimbo wa fa anaupiga katika sol. Aguse pia kle ya sol diezi. Hiyo hupenda kunata, hasa ikikaa siku nyingi bila kupigwa. Karatasi safi ikibanwa chini ya tampo yake na kuvutwa taratibu inasaidia mara nyingi.

Usimalize pesa zote kwa chombo. Anshi zinakauka na kupasuka wakati wa kiangazi, na vumbi letu jekundu linaingia kila mahali. Lazima kuwe na sanduku gumu na kitambaa cha kupangusia ndani kila baada ya kupiga. Lazima pia mkanda mzuri wa shingo, maana tenori inakaribia kilo 3 na nusu, na mtoto mdogo itamuumiza.

Kuna jambo ambalo wengi wanaona haya kulisema. Mara nyingi baba anatoa nusu, kanisa linatoa nusu. Mwaka wa pili kijana anapata kazi Kolwezi, anaondoka na sakso, na maneno yanaanza kati ya familia na wazee. Andikeni karatasi siku ile ile ya kununua: chombo ni cha nani, kinalala nyumba gani, nani analipa tampo, na kijana akihama kinabaki wapi. Papa atie sahihi, kiongozi wa fanfari atie sahihi, na kijana naye.