Mkaa Haufukuzi Mvua ya Mikese

Vuli ikichelewa tu, swali ni lile lile, na mara nyingi huulizwa kando ya barabara kuu, chini ya milima ya Uluguru, hatua chache kutoka kwenye magunia ya mkaa: tukipanda miti hapa Mikese, mvua itarudi? Mtaalamu wa hali ya hewa amekwisha kulijibu hata amechoka. Hairudi kwa sababu hiyo.

Mvua ya Mikese hutoka Bahari ya Hindi. Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi, kusi huanza Aprili, lakini upepo peke yake hautoshi. Julai kusi huvuma kwa nguvu na Mikese ni vumbi tupu, kwa kuwa hewa ya kusi wakati huo ni ya ubaridi na haipandi. Hewa isipopanda, hakuna wingu la maana. Hupanda pepo hizo mbili zinapokutana, kwenye ukanda wa mvua unaolifuata jua: ukishuka kusini, Oktoba hadi Desemba, ni vuli, ukirudi kaskazini, Machi hadi Mei, ni masika.

Au husukumwa juu na mlima. Miteremko ya mashariki ya Uluguru, inayoupokea upepo wa bahari, hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mikese iko bondeni, kaskazini mwa milima hiyo, na hewa hupita tu. Ndiyo maana mkulima huona vilele vimezama mawinguni huku mahindi yake yakikunja majani.

Sasa huo mkaa, unaolaumiwa kwa kumaliza miti na kufukuza mvua. Vuli ya 2019 ilileta mafuriko Afrika Mashariki. Ya 2021 ikawa haba, Mto Ruvu ukapungua na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgawo wa maji. Ya 2023, mafuriko tena. Kama miti ndiyo iletayo mvua, ni msitu gani uliota kati ya 2021 na 2023? Nani aliupanda, na uliwahije kukua?

Kilichobadilika ni bahari. Mwaka 2019 na 2023 maji ya upande wa Afrika yalipata joto kuliko kawaida, ya upande wa Indonesia yakapoa, na hewa yenye unyevu ikapanda huku. Mwaka 2021 hali iligeuka. Ekari chache za mitiki nyuma ya shule haziwezi kushindana na hilo, hata mgeni rasmi akate utepe mara ngapi.

Msitu mkubwa kama wa Kongo hurudisha unyevu mwingi angani, hilo ni kweli. Msitu wa Uluguru nao hunasa ukungu, hushika udongo na kuufanya Ruvu utiririke hadi kiangazi. Hizo ni sababu tosha za kuacha kuukata, bila kuongeza ya uongo.

Anayetaka kuvuna afanye haya. Asikilize utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kununua mbegu. Asipande kwa manyunyu ya kwanza. Achimbe kwanza aone kama unyevu umeshuka chini. Achague mahindi ya muda mfupi, na sehemu ya shamba aweke mtama, kunde au ufuta. Matuta yakinge mteremko, bati liwe na mfereji na tangi. Vuli ikifeli, mbegu iliyobaki isubiri masika.