Je, Wajua? Skrini ya Gari ni Kioo Tu, Kazi Yafanywa na Simu

Je, wajua kwamba ramani unayoiona kwenye dashibodi ukitoka Mbinga kuteremka Mbamba Bay huendeshwa na simu yako? Android Auto ya Google, iliyotoka mwaka 2015, na CarPlay ya Apple, iliyozinduliwa 2014, hurusha tu picha na sauti kwenye skrini ya gari. Ramani, muziki na ujumbe huruhusiwa. Filamu huzuiwa gari likiwa kwenye mwendo.

Wapo wajanja wanaofungua mipangilio iliyofichwa ya Android Auto ili wapenyeze programu zisizoruhusiwa. Ujanja huo huweza kugoma mfumo unapoboreshwa, lakini hasara kubwa iko barabarani. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hupita mita 22 kila sekunde. Ukitupia video jicho kwa sekunde 2, umeendesha mita 44 bila kuona njia. Kwenye kona za milimani, mita hizo zatosha kukukutanisha na bodaboda iliyobeba gunia la kahawa.

Dereva, pakua ramani kabla ya safari, kwani zipo zinazofanya kazi bila intaneti. Video mwachie abiria.